Shimo la Mmatengo na tuta la serikali

 

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda bara wakati wa masika, ukishaiacha Mlandizi unavuka daraja la Ruvu. Abiria wakifika hapo nusu wanasinzia, nusu wanamdai kondakta chenji. Safari ijayo chungulia dirishani. Utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yanakwenda mbio kama yamechelewa mahali. Rangi ile ni udongo. Tena ni ule udongo wa juu wenye rutuba, ambao juzi tu ulikuwa umeshikilia mashina ya mahindi kwenye mteremko fulani wa Milima ya Uluguru. Sasa unakwenda Bahari ya Hindi bila nauli. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto huo huo, shamba la mtu wa Uluguru, kabla halijafika baharini, sisi wa mjini tunalichuja kwanza kwa gharama zetu.

Nimewahi kuketi kwenye semina ya mazingira, kila mtu na chupa yake ya maji mezani, na maneno yalikuwa yale yale: mkulima wa mlimani hana elimu, anachoma moto, analima kufuata mteremko, hajui anachokiharibu. Tukapendekeza apewe elimu. Tukala chakula cha mchana, tukatawanyika. Siku hizi neno hilo likitajwa huwa nauliza: elimu ipi, na ya nani? Maana mlima ule una historia yake, na haikai vizuri na semina zetu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kiingereza ilishikwa na hofu ya mmomonyoko katika makoloni yake. Uluguru nayo ikaandikiwa mpango wake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiini cha mpango kilikuwa matuta ya ngazi: mlima ukatwe vidaraja vidaraja, kila kidaraja kiwe tambarare, ili maji yakose mteremko wa kukimbilia. Kwenye karatasi huoni kasoro. Kuna watu huko Asia wamelima mpunga kwenye ngazi za namna hiyo karne kwa karne. Basi watu wakapangiwa kazi ya kuchimba, na asiyechimba akashtakiwa, akatozwa faini. Majumbe wakapewa kazi ya kusimamia, wakachukiwa na jamaa zao wenyewe.

Sasa sikiliza kilichotokea shambani. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni ganda jembamba tu, na chini yake kuna udongo mwekundu usio na chakula cha mmea. Ukikata ngazi unaupindua mlima: wa juu unafukiwa, wa chini unaota jua. Mahindi unayopanda hapo yanatoka na rangi ya njano. Ili ngazi ile izae inahitaji samadi, mwaka wa kwanza, wa pili, pengine na wa tatu, na Waluguru wa juu mlimani hawakuwa watu wa ng'ombe. Kwa hiyo mama alichimba kwa jasho, kisha akavuna kidogo kuliko jirani yake aliyekaidi. Hiyo nayo ni elimu, msikilizaji, na aliipata katika msimu mmoja.

Halafu kulikuwa na suala la ardhi yenyewe ni ya nani. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wengi walilima mashamba ya kuazima kwa ukoo mwingine, wakitoa kitu kidogo cha kukiri kwamba wao ni wageni pale. Mtu wa kuazima hapandi mti wa kudumu, kwa sababu mti ni shahidi: kesho atasema hapa ni pangu, na mwembe ule unanitambua. Je, ngazi ya kudumu iliyochimbwa mlimani si shahidi zaidi? Wenye ardhi waliona mgeni anajichimbia haki. Aliyeazima aliona anamchimbia mwenziwe. Na minong'ono ikaenea kote kwamba Mzungu anautengeneza mlima ili auchukue yeye.

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, watu wakakusanyika kwa hasira. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukakunjwa mwaka huo huo. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na unaweza kukisia jinsi habari za Matombo zilivyopokewa katika mikutano yake. Baada ya uhuru neno "matuta" likabaki na harufu ya ukoloni pale Uluguru. Kiongozi gani angelitamka jukwaani?

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Waluguru hawakuwa wanaanza kutoka patupu. Walikuwa na desturi ya kukwangua magugu na kuyapanga mistari inayokatiza mteremko, kisha kuyafukia kwa udongo kidogo. Vijituta hivyo havikutosha kwa mvua kubwa, nakubali. Lakini palikuwa na kitu ambacho mtaalamu mwenye subira angekishika mkono, akakiongezea. Badala yake akakipita bila salamu.

Na hapa naomba tuhame, twende kusini, mkoa wa Ruvuma, wilaya ya Mbinga, kwa Wamatengo.

Wamatengo walijikuta katika milima mikali kwa sababu ya vita. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma juu, maeneo ya Litembo na jirani zake, na watu wengi wakabanana katika ardhi ndogo ambayo hata mbuzi huipanda kwa kufikiri. Mvua kule hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa hesabu za kawaida mlima ule ulipaswa kuwa umeisha kitambo, umebaki miamba. Lakini upo, na bado unalimwa.

Kilimo chao kinaitwa ngoro. Nitakieleza polepole, kwa sababu redio haina picha.

Mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, mwezi wa tatu hivi, wanaume huingia katika shamba lililokuwa limepumzishwa, nyasi zimefika kiunoni. Hufyeka na kuziacha zinyauke. Zikishakauka huzikusanya na kuzilaza chini kwa mistari, mingine inashuka na mteremko, mingine inaukatiza, hata mlima wote unakuwa na miraba miraba kama wavu uliotandazwa. Kila mraba ni kama mita moja na nusu au mbili kila upande. Hapo wanawake huingia na majembe. Mwanamke husimama katikati ya mraba, akachimba udongo na kuutupa juu ya zile nyasi, pande zote nne, mpaka nyasi zimefunikwa kabisa na yeye amesimama ndani ya shimo. Juu ya matuta yale manne hupandwa maharage. Ukitazama kutoka mlima wa pili unaona sega la nyuki, mashimo mamia kwa mamia, kutoka kileleni hadi bondeni.

Mvua ikinyesha, tone haliendi popote. Linaangukia tutani, linateremka shimoni, linakaa, linanywewa na ardhi. Udongo ukichukuliwa na maji unaishia shimo la pili yake, nyumba ya jirani tu. Nyasi zilizofukiwa zinaoza taratibu na kuwa mbolea chini ya mizizi ya maharage. Maharage yakishavunwa shamba hukaa, na mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mahindi hupandwa kwenye matuta yale yale. Wakati wa palizi magugu hutupwa shimoni, yanaoza humo. Mahindi yakivunwa, shamba huachwa liote nyasi, hadi Machi inayofuata mzunguko uanze upya. Ndiyo maana familia huwa na zaidi ya shamba moja: moja lina maharage wakati jingine lina mahindi, na njaa haipati mwanya.

Sasa nikuulize. Katika kazi hiyo, kuhifadhi udongo ni wapi na kulima ni wapi? Wamatengo hawana siku ya kwenda kuhifadhi mazingira. Tuta ndilo kitanda cha mbegu. Nyasi ndizo mbolea. Shimo ndilo akiba ya maji. Ukimwambia mama wa Litembo akuonyeshe sehemu ya shamba inayozuia mmomonyoko atakushangaa, kama mtu aliyeulizwa ni tonge lipi katika sahani yake linaloleta nguvu. Na cha maana zaidi, jasho la Machi linamrudishia maharage miezi michache baadaye. Tuta la Uluguru lilimtaka mtu achimbe leo kwa ajili ya wajukuu. Ngoro inamlisha mchimbaji kwanza, wajukuu wanafaidi kwa kupitia kwake.

Hapa kuna jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Mwaka 1938 ofisa mmoja wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo, ikachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maana yake, miaka zaidi ya kumi kabla ya amri ya Uluguru, habari hizo zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, kwa Kiingereza chao wenyewe, katika koloni hilo hilo. Sisemi ngoro ingebebwa kutoka Mbinga ikapandwa Matombo kama mche wa mgomba. Udongo una tabia zake, na mvua ina zake. Ninachosema ni kwamba funzo lilikuwa kwenye rafu, wakaondoka na amri.

Mlima wenyewe wa Uluguru haukungoja tumalize siasa. Tarehe 23 Februari 1970, upande wa Mgeta, mvua kubwa ya saa chache iliporomosha mlima. Watafiti waliokwenda baadaye walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na malisho. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno. Mizizi ya miti mikubwa ilikuwa imeushika mlima kama vidole vinavyoshika kitambaa, na mahali ambapo vidole vilikuwa vimekatwa kitambaa kiliteleza. Hakuna tuta la jembe linalofanya kazi hiyo peke yake. Ndiyo sababu mimi nikisikia mtu anataja matuta bila kutaja miti, huwa namsikiliza kwa sikio moja.

Halafu matuta yakarudi Uluguru. Kuanzia mwaka 2008 hivi, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika vijiji vya Kibungo Juu: mashirika mawili ya mjini yanayotumia maji ya Ruvu, moja la majisafi na jingine la soda, yakubali kuwalipa wakulima wa mlimani wanaotunza udongo. Wachimbe matuta, wapande miti, wapande nyasi na mananasi kwenye kingo. Na watu wakachimba! Wajukuu wa wale wa 1955 walishika jembe kwa hiari, katika milima ile ile. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Lakini safari hii mtu wa mjini alikuwa amekiri kwamba udongo ukibaki mlimani yeye ndiye anayefaidi, kwa hiyo achangie. Nadhani kukiri huko kulikuwa na uzito kuliko noti zenyewe. Shida ya mpango wa namna hii unaijua: siku mlipaji akichoka, utaona kama tuta lilikuwa limeingia katika kilimo au lilikuwa limeegeshwa tu pembeni.

Wenzetu wa Machakos, Kenya, walipita njia inayofanana. Mnamo miaka ya 1930 wataalamu waliiandika Ukambani kama nchi iliyokwisha kufa, makorongo matupu. Serikali ikaanza kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kulalamika. Yakafuata matuta ya lazima, na uhuru ulipofika mengi yakaachwa. Lakini mambo hayakuishia hapo. Watu walipopata kahawa, matunda na mboga za kuuza, walirudi wenyewe kwenye matuta, kwa vikundi vyao vya mwethya, wanawake wakiwa mbele. Wakachagua aina moja na kuzikataa nyingine: fanya juu. Unachimba mfereji kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu. Maji yakishuka na udongo yanakwama nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka mteremko unajisawazisha wenyewe. Mlima unajikata ngazi taratibu, bila kupinduliwa, bila udongo mwekundu kuja juu. Tutani unapanda mabingobingo, ng'ombe wa bandani anakula, samadi inarudi shambani. Leo neno fanya juu liko katika vitabu vya Kiingereza vya dunia nzima, hawakulitafsiri. Idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980, na ardhi ikawa na hali bora kuliko ilivyokuwa mwanzo. Wanaopenda kulaumu wingi wa watu kwa kila korongo wangefika Machakos kabla ya kuandika ripoti.

Shinyanga nako, mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulihangaika kwanza na vitalu vya miche, hadi ulipoigeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mfugaji pale hakuhifadhi msitu. Alihifadhi majani ya Septemba.

Nasikia kuna msikilizaji anapinga huko aliko: na Kondoa je? Haki yako. Kondoa amri ilifanya kazi. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, mifugo yote, kama 90,000, iliondolewa katika eneo lililoharibika la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Milima iliyokuwa mifupa mitupu ikavaa nyasi na miti tena. Sitakuficha hilo. Ila wale ng'ombe hawakupaa mbinguni. Walikwenda kula ardhi ya wengine, na kuna nyumba zilizobaki bila maziwa na bila samadi. Miaka kumi baadaye watu wakaruhusiwa kufuga wachache bandani, na hapo ndipo mambo yalipoanza kukaa sawa. Amri inaweza kuiponya ardhi. Lakini bili ya matibabu analetewa mtu ambaye hakuwa hospitalini.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi tunahubiriwa kilimo hifadhi: usilime ovyo, acha mabua shambani yawe matandazo, changanya mazao. Ushauri mzuri. Naupenda. Lakini nenda nao Dodoma baada ya mavuno. Mabua ni chakula cha ng'ombe wa kiangazi, na kwa desturi shamba likishavunwa ni malisho ya wote. Wewe utaacha mabua yako kwa ajili ya rutuba, na ng'ombe wa mwenzako atayamaliza kabla hujarudi kutoka msibani. Bwana shamba anayeleta somo la matandazo bila kukaa na mkutano wa kijiji kuhusu mifugo, anakuletea nusu ya dawa. Tofauti na hilo, kisiki hai kimeshika kasi huko huko Dodoma, kwa sababu hakidai mengi: shina lililokatwa bado lina uhai, unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogolea mengine, unayawekea alama watu wayajue, unayatunza. Huna mche wa kununua wala ndoo ya maji ya kubeba. Na yale matawi uliyoyapogolea unakwenda kupikia jioni ile ile.

Kuna swali moja kuhusu ngoro ambalo watu wanaoisifu, mimi nikiwamo, hulipita haraka: nani anachimba? Nimesema wanaume hufyeka na kulaza nyasi, kazi ya siku chache. Kisha wanawake huchimba. Mashimo yale mamia kwa mamia unayoyaona kutoka mlima wa pili yamepita mikononi mwao, moja baada ya jingine, na kila mzunguko huchimbwa upya. Kahawa ilipoingia Umatengo miaka ya 1920 ilileta fedha, lakini kahawa kwa desturi ni ya mwanamume. Shimo likabaki la mwanamke. Sasa binti anasoma Songea, kaka yake ana bodaboda, na mbolea ya dukani ikipatikana kuna wanaoamua kupiga matuta ya kawaida, mepesi, ya siku mbili. Ukiwalaumu, shika jembe kwanza upande mteremko ule.

Mtaalamu ambaye ningependa kumwona Mbinga mwaka huu ni yule atakayekwenda kumuuliza yule mama ni sehemu gani ya kazi inamuumiza mgongo, kisha akae naye watafute jinsi ya kuipunguza bila kuliziba shimo.